Jukwaa juu ya bahasha: sanaa za maonyesho hufikaje kwenye stempu?

Nzumari ilipata stempu yake mwaka 1970. Mwaka huo posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania ilitoa seti ya stempu nne za ala za muziki: marimba, amadinda ya Uganda, adeudeu ambayo ni kinubi cha Wateso, na nzumari yetu ya pwani. Hapa Lamu nzumari haihitaji kuelezwa. Ikilia mtaa wa Langoni, watu wa mtaa wa Mkomani wanajua kuna shughuli, na wapo watakaokutajia mpulizaji ni nani kabla hawajafungua mlango.

Lakini mada ya seti ile ilikuwa ala. Mpulizaji hakuwa mada, wala goma la wanaume na bakora zao, wala kirumbizi, ambako nzumari na ngoma ndizo zinazopandisha damu ya wacheza fimbo. Ala ilitolewa kwenye mchezo wake ikawekwa peke yake, kama inavyowekwa kwenye kabati la makumbusho.

Utata wa jambo hili unaanzia hapo. Tukiona stempu yenye picha ya ngoma, tamthilia au opera, tunadhani sanaa ile imeheshimiwa. Mara nyingi kinachoheshimiwa ni kitu kingine kabisa, na sanaa imepewa tu kazi ya kukibeba. Ili ujue ni kipi, angalia nani aliyeitoa stempu, aliitoa mwaka gani, na alitarajia nani ainunue.

Kwa asili yake stempu ni risiti. Uingereza ilipoanza kuiuza Mei 1840, shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba mwenye kupeleka barua amekwisha kulipa. Kabla ya hapo mara nyingi aliyepokea ndiye aliyetozwa. Uso wa Malkia Victoria uliwekwa pale kwa sababu iliyo rahisi: jicho la mtu hutambua haraka uso ulioghushiwa. Baadaye serikali nyingi ziligundua kwamba kile kipande cha karatasi kinaingia kila nyumba na kuvuka kila mpaka bila kuombewa ruhusa. Risiti ikageuka kuwa msemaji wa dola.

Ndiyo maana kuna stempu za kawaida, zinazochapwa tena na tena kwa miaka, na kuna stempu za kumbukumbu, zinazotolewa kwa ajili ya tukio fulani na kuuzwa kwa muda. Sanaa za jukwaani utazikuta zaidi katika kundi la pili. Ni kundi ambalo wizara, kamati na waandaaji wa sherehe huingiza mikono yao, na wanaoamua huwa wako mbali na jukwaa. Mwaka 1935 stempu za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata picha ya jahazi, na jahazi lenyewe lilikuwa la Ziwa Victoria. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji chetu hapa Lamu, akicheka ana haki yake.

Chukua mfano wa Shakespeare, kwa kuwa ndio ulio wazi kuliko yote. Tarehe 23 Aprili 1964 Uingereza ilitoa stempu tano kuadhimisha miaka 400 tangu kuzaliwa kwake. Kwa zaidi ya karne moja hapakuwa na sura ya mtu yeyote anayejulikana kwenye stempu za nchi hiyo isipokuwa wa ukoo wa kifalme. Katika nne kati ya hizo mchoraji David Gentleman aliweka kichwa cha mtunzi wa tamthilia na kichwa cha Malkia Elizabeth kwenye stempu moja, na katikati yao akachora tukio la jukwaani; ya tano ilichorwa na wengine. Mwaka uliofuata Gentleman alimwandikia Tony Benn, waziri aliyesimamia posta, akilalamika kwamba kichwa cha Malkia kinakula nafasi na kuharibu mchoro. Kuanzia 1966 kikapunguzwa kikawa kivuli kidogo pembeni. Dola ilisogezwa kando kidogo, na mojawapo ya vitu vilivyoisogeza ni tamthilia.

Matukio yaliyochaguliwa nayo yana somo. Puck na Bottom mwenye kichwa cha punda, mchekeshaji Feste, Romeo chini ya roshani ya Juliet, Mfalme Henry V usiku wa kuamkia vita vya Agincourt, na Hamlet akitazama fuvu. Wachoraji hawakuchagua matukio yenye uzito mkubwa kuliko yote katika maandishi. Walichagua yanayotambulika kwa kutupiwa jicho. Stempu ina upana wa vidole viwili vitatu, haina sauti na haina mwendo, na tamthilia ya saa tatu lazima iingie humo kwa pozi moja. Kwa hiyo huingia kwa urahisi zaidi michezo ambayo mtazamaji tayari anaijua. Fuvu mkononi, na shule nzima inajibu: Hamlet.

China inatuonyesha upande mwingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona mfano unaozidi huu.

Mei Lanfang alikuwa mwigizaji mwanamume wa opera ya Peking aliyesifika kwa kucheza nafasi za wanawake. Alifariki tarehe 8 Agosti 1961. Mwaka mmoja baadaye posta ya China ilitoa stempu nane juu ya sanaa yake: ya kwanza ina sura yake mwenyewe, nyingine zinamwonyesha katika nafasi alizozicheza, kila moja na mavazi yake, mikono yake na namna yake ya kugeuza shingo. Baadaye mwaka huohuo kikatoka kijikaratasi maalumu chenye stempu moja, bei yake yuan 3, kikimwonyesha kama suria wa mfalme aliyelewa kwa huzuni baada ya kusubiri bure. Vilichapwa 20,000 tu, na yuan 3 wakati ule hazikuwa hela za mchezo.

Halafu upepo ukageuka. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, opera za zamani zenye wafalme, masuria na wasomi zilipigwa marufuku jukwaani, na kukusanya stempu kukaonekana ni starehe ya mabwanyenye. Makusanyo mengi yaliharibiwa, mengine na wenyewe kwa hofu. Jukwaa likaachiwa kazi chache za mfano zilizoidhinishwa na wakubwa wa chama. Tarehe 1 Agosti 1970, siku ya jeshi, posta ileile ikatoa stempu sita za mojawapo ya kazi hizo, opera ya kimapinduzi inayosimulia wanajeshi wanaouteka mlima wa majambazi. Mashujaa wamenyanyua vifua, macho yanatazama mbali, rangi nyekundu imetawala. Mwaka 1973 ikafuata dansi ya baleti juu ya msichana mwenye nywele nyeupe.

Ziweke seti hizo kando kwa kando. Zote ni za opera ya Peking, zote zimetoka katika posta moja, na kati yake hata miaka kumi haijapita. Ya 1962 inasema: tuna msanii mkubwa, na ustadi wake ni mali ya taifa. Ya 1970 haina msanii. Mwigizaji amezama ndani ya mhusika, na mhusika amezama ndani ya itikadi. Kijikaratasi cha suria aliyelewa sasa kinauzwa kwa bei ambayo ingejenga nyumba, na bei hiyo imetokana na uchache, uharibifu na majuto ya taifa zima.

Sasa turudi Afrika Mashariki.

Mwaka 1977 Lagos iliandaa tamasha la pili la dunia la sanaa na utamaduni wa watu weusi, FESTAC. Posta zetu zilitoa stempu nne kwa ajili yake. Kenya iliwakilishwa na manyatta ya Wamasai. Uganda iliwakilishwa na wachezaji wa kundi la taifa la Heartbeat of Africa, Tanzania na kinyago cha Kimakonde, na ya nne ilionyesha binadamu wa kale wakimchuna kiboko.

Je, Kenya ilipeleka nini Lagos? Ilipeleka tamthilia mbili: ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, na ya Francis Imbuga ambayo wengi waliopita sekondari wanaijua kwa jina la Usaliti Mjini. Oktoba 1976, kabla ya safari, zilichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi, na zilipewa siku chache tu baada ya mabishano makali, kwa kuwa vikundi vya kigeni vilikuwa vimepewa ukumbi. Moja inamfufua shujaa wa msituni na kuuliza uhuru ni wa nani. Nyingine inachambua utawala unaowala watoto wake. Hizo ndizo zilizokuwa sauti ya Kenya kwenye jukwaa la Lagos, na bahasha za Kenya zikabeba boma la Wamasai.

Sidhani kwamba kulikuwa na mtu aliyekaa mezani akaamua kuwaficha Ngũgĩ na Imbuga. Stempu huchorwa mapema, hupita mikono mingi, na kila mkono hupunguza kitu kinachoweza kuleta maswali. Manyatta haiulizi swali. Novemba mwaka huohuo serikali ilifuta leseni ya mchezo wa Kikuyu uliokuwa ukionyeshwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Ukijua hayo, stempu ya 1977 huwezi kuitazama tena kwa macho yale ya kwanza.

Kutoka hapo unaona fundo lenyewe. Sanaa yenye matini na mtunzi anayetajwa huingia kwenye stempu kwa mhusika na tukio: Hamlet, Juliet, suria wa mfalme. Ngoma zetu huingia kwa vazi na kabila. Mzungu akicheza huitwa Hamlet, sisi tukicheza tunaitwa "utamaduni". Mtu atasema ngoma haina mhusika. Si kweli. Kirumbizi kina wapinzani wawili, kina majigambo, hila, kushindwa na kusameheana. Kilichokosekana ni anayeagiza mchoro kuuliza mchezo unasimulia nini. India ilijaribu kulitatua jambo hili mwaka 1975 kwa stempu sita za dansi zake za jadi, Bharatanatyam, Odissi, Kathak, Kathakali, Kuchipudi na Manipuri. Kila stempu ilitaja dansi kwa jina lake kama fani yenye mashule na walimu. Hiyo peke yake ni hatua kubwa: jina la fani likiandikwa, mtazamaji anajua kuna kitu cha kujifunza.

Bado hatujagusa fedha.

Stempu iliyobandikwa kwenye barua ni deni kwa posta: lazima barua isafirishwe, ipangwe, ipelekwe. Stempu iliyonunuliwa ikafungiwa kwenye albamu haidai chochote. Imebaki karibu faida tupu. Marekani ilipotaka kutoa stempu ya Elvis Presley, iliwapigisha watu kura mwaka 1992 wachague kati ya Elvis kijana na Elvis wa miaka ya mwisho, na zaidi ya kura milioni moja zikapigwa. Kijana akashinda, stempu ya senti 29 ikatoka tarehe 8 Januari 1993, zikachapwa karibu milioni 500. Posta ya Marekani ilikadiria kwamba takriban milioni 124 ziliwekwa na wapenzi wake bila kutumika. Piga hesabu mwenyewe: ni kama dola milioni 36.

Nchi nyingi ndogo au zenye uhitaji wa fedha za kigeni zilisoma hesabu hiyo, nyingine hata kabla ya Elvis huyo wa 1993. Wakala wa stempu huko New York na kwingineko walizipatia posta za Afrika na Karibi stempu zilizokwisha kuchorwa na kuchapwa, wakaziuza kwa wakusanyaji, na posta ikapata mgawo wake. Ndiyo sababu Tanzania na Uganda zina stempu za wahusika wa Disney, na Elvis yumo kwenye stempu za Tanzania. Ukiuliza Elvis aliimba lini Dodoma, umekosea swali. Mnunuzi hakuwa Dodoma.

Zipo pia karatasi ambazo hata posta ya nchi iliyoandikwa juu yake haijawahi kuzisikia. Mchapishaji fulani huweka jina la nchi, huweka nyota wa filamu, hutoboa vitobo pembeni, na kuuza mtandaoni kama stempu. Waigizaji na wanamuziki ni chambo kizuri kwa sababu wana wapenzi ambao si wakusanyaji stempu na hawajui cha kukagua. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, husambaza malalamiko ya nchi wanachama kuhusu karatasi hizo, na tangu 1 Januari 2002 umekuwa na mfumo wa kusajili na kutoa nambari kwa stempu halali mpya. Si kila nchi husajili kila stempu, kwa hiyo kukosekana kwenye orodha peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Lakini Elvis wa nchi isiyojulikana, asiye na nambari wala katalogi inayomtaja, mpishe.

Na usisahau muhuri. Hapa Lamu tuna sababu ya kuujua kuliko wengi, kwa sababu nyumba ya posta ya Wajerumani ipo, siku hizi ni makumbusho. Posta hiyo ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888 na ikafungwa tarehe 31 Machi 1891, baada ya Ujerumani na Uingereza kubadilishana maeneo kwa mkataba wa 1890. Stempu zilizotumika zilikuwa zilezile za Ujerumani, zenye tarakimu au tai, hazina hata dalili ya bahari. Kinachowafanya wakusanyaji wazitafute ni muhuri uliogongwa juu yake: LAMU OSTAFRIKA. Kwa mkusanyaji wa mada ya jukwaa mambo ni hayohayo. Stempu ya Hamlet iliyogongwa muhuri Stratford-upon-Avon siku ilipotoka inasimulia mengi kuliko ileile iliyogongwa kwingine, na ile ya FESTAC iliyosafiri kweli kwenye bahasha ina maisha ambayo stempu safi ya albamuni haina.

Tuseme basi Posta ya Kenya ingetaka kuweka sanaa za Lamu kwenye stempu. Ichague nini?

Wengi watakimbilia Maulidi ya Mfungo Sita, kwa sababu ndiyo wageni wanayoyajua. Mimi ningesita. Yanayofanyika Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh, ni ibada: kasida, matari, dua. Goma na kirumbizi huchezwa nje, na mashindano ya punda ni furaha ya watu. Ukiyaweka yote chini ya neno "maonyesho", umeifanya dhikri kuwa onyesho, na wazee watakuwa na haki ya kukasirika. Mchoraji anayetaka kuchora vya nje na avichore kama vya nje.

Vugo na lelemama nazo zina mipaka yake. Ni ngoma za wanawake, zina tungo kali zenye mafumbo, na uhodari wake ni wa tamthilia kamili: kuna kupigana vijembe, kuna kujibizana, kuna anayeshindwa mbele ya watu. Lakini nyingi huchezwa penye wanawake tu, na anayecheza pale hakukubali kutazamwa na kila karani wa posta kutoka Kisumu hadi Kuwait. Kutokuwepo kwao kwenye stempu nisingekuita kusahauliwa. Wenyewe waulizwe kwanza, na wakisema hapana, iwe hapana.

Siwa, ile baragumu kubwa ya kupulizwa, inafaa. Ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu ni miongoni mwa kazi bora kuliko zote za mafundi wa pwani, na kazi yake ilikuwa kutangaza: harusi za waungwana, kutawazwa, mambo mazito ya mji. Hatari ni kurudia kosa la ala kuwekwa peke yake. Siwa iwe mdomoni mwa mpulizaji, na hafla itajwe chini.

Lakini nikipewa nafasi moja tu, ningeanza na kirumbizi. Kina wahusika wawili, kina kisa, kinachezwa hadharani na watu waliokubali kutazamwa, na pozi moja la fimbo mbili zikikutana hewani linajieleza hata kwenye karatasi ya sentimita nne. Jina la mchezo liandikwe kwa herufi zinazosomeka, na neno "ngoma ya kienyeji" lisionekane popote. Bei iwe ileile ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi, ili stempu itumike na watu, isije ikaishia kwenye vijikaratasi vya kuuziwa watalii pale gatini.